Mshale Usio na Kipanya

Vipanya vya kompyuta mezani vilikuwa vinne. Mishale ukutani ilikuwa mitano.

Mama Pacha alihesabu tena, kwa hasira ya mtu anayejua kwamba hesabu yake iko sawa na dunia ndiyo iliyokosea. Mwekundu ulikuwa wa Chiriku, binti yake mwenye maneno. Wa kijani ulikuwa wa Kimya, pacha wake, ambaye maneno yote aliyoyaacha tumboni yaliokotwa na mwenzake. Wa buluu ulikuwa wa Miwani, mwandishi mwenzake wa programu. Mweupe ulikuwa wa Mama Pacha mwenyewe. Halafu kule juu, pembeni kabisa, palikuwa na mshale wa njano, umetulia kama mtu aliyeegemea mlango akisikiliza mazungumzo ya wenye nyumba.

"Miwani, umechomeka kipanya kingine?"

"Nichomeke kwa mkono gani? Mikono yangu hii hapa."

"Basi huyo ni nani?"

Miwani alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Mshale wa njano haukufutika.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuisimulia. Shule nyingi zina kompyuta moja na darasa zima la watoto, kwa hiyo ofisi yao ilitengeneza programu inayorusha picha ukutani na kumpa kila mtoto kipanya chake na mshale wake, wote wachore na kuhesabu kwa pamoja. Ugumu ni kwamba kompyuta, ukiiacha na akili yake, inaamini binadamu wote wana mkono mmoja. Iletee vipanya kumi, itavichanganya vyote kwenye mshale mmoja ambao utarukaruka kama mbuzi anayevutwa kwa kamba kumi. Sehemu aliyoandika Mama Pacha ndiyo iliyozuia fujo hiyo. Kila kipanya kilipogusika, tukio, yaani habari ya mguso huo, lilifika kwenye sehemu hiyo likiwa na namba ya kifaa. Programu iliuliza, wewe ni nani, ikasoma namba, ikampa kila mtu kilicho chake.

Tatizo lilikuwa Daktari.

Daktari alikuwa mkurugenzi wao. Alikuwa daktari wa nini, hakuna aliyejua, na aliyewahi kuuliza hakuajiriwa tena. Alikuwa na suti ya kila siku na jibu la kila swali. Vipanya alivyonunua vilikuwa vya ovyo, nyaya zimelegea, na mara nyingine kipanya kilipoteza namba yake katikati ya kazi, programu ikasimama na kuandika ukutani: KIFAA HAKIJULIKANI. Maandishi hayo yalitokea siku moja mbele ya wageni. Daktari aliingia chumba cha kazi akiwa amevimba.

"Kwangu mimi hakuna kisichojulikana," alisema. "Ondoa hicho kitu."

"Bosi, tukinunua vipanya vizuri haitatokea."

"Nimesema ondoa."

"Sasa tukio likija bila namba nifanye nini? Siwezi kumfungulia kila anayegonga bila kumuuliza ni nani."

"Wewe fungua tu, Mama Pacha. Ndiyo maana unapenda kugombana, unauliza sana."

Akafungua. Aliandika, huku akisaga meno, kwamba tukio lolote lisilo na namba lipokelewe, lipewe mshale, na huo mshale upewe rangi yoyote iliyobaki. Rangi iliyobaki ilikuwa njano.

Mapacha walikuja ofisini kila mchana baada ya shule, kwa sababu hakuna mjaribu wa programu mkweli kama mtoto aliyechoka. Mapazia yalikuwa yamefungwa ili picha ionekane, na giza lile la mchana lilikuwa na joto la pumzi za watu. Watoto walichora nyumba. Mshale wa njano ulishuka polepole, ukasogea hadi ulipokuwa mshale wa Kimya, ukaufuata nyuma kama mwanakondoo.

"Mama," alisema Chiriku, "huyu anataka kucheza na Kimya tu. Mimi ananinunia."

Hapo ndipo Mama Pacha alipoisikia sauti. Kipanya kikibonyezwa hutoa sauti mbili ndogo: *tik* kidole kinaposhuka, *tak* kidole kinapoachia. Mtu aliyekaa navyo miaka mingi hazisikii tena, kama asivyosikia moyo wake mwenyewe. Sasa alisikia *tik*, na hakuna kidole kilichokuwa kimeshuka popote. Akasubiri ile ya pili. Miwani naye, kwa namna alivyoinua kichwa, alikuwa anaisubiri. Haikuja. Ukutani, nyumba aliyochora Kimya ilianza kuburutwa, taratibu, kuelekea pembeni, na chumbani ikaenea harufu ya kiganja kilichofumba sarafu mchana kutwa.

"Umesikia?" Miwani alinong'ona.

"Nyamaza. Chomoa vipanya."

"Vyote?"

"Vyote, Miwani! Unataka nikuandikie barua?"

Akavichomoa, waya mmoja baada ya mwingine. Mishale ikazimika, mwekundu, wa kijani, wa buluu, mweupe. Wa njano ulibaki. Ulikuwa bado umeshikilia ile nyumba.

Mlango ukafunguliwa, Daktari akachungulia, taa ya ukumbini ikiwaka nyuma ya mabega yake. "Ahaa, nani kaongeza wa njano? Unapendeza. Uacheni hapo hapo." Akafunga mlango na kwenda zake akipiga mluzi.

Miwani alikuwa tayari amebeba begi lake. "Mimi shangazi yangu anaumwa," alisema.

"Shangazi yako alikufa mwaka jana, tulichanga."

"Huyu ni mwingine," alisema, akaondoka.

Mama Pacha hakuwa mtu wa kukimbia, na wala hakuwa mtu wa majini. Alikuwa amesoma hesabu chuo kikuu, na mara mbili alitoka nje ya msiba kwa hasira kwa sababu watu walianza kumtafuta mchawi. Alikaa mbele ya kompyuta, akaitafuta ile mistari aliyoamrishwa kuandika, akaifuta yote, kama mtu anayefunga mlango kwa teke. Asiye na namba atupwe nje. Basi. "Watoto, vaeni mabegi," alisema bila kugeuka, na Kimya akanyoosha mkono kukichukua kipanya chake akirudishe kabatini, kama alivyofundishwa.

Programu ikaanza upya. Mshale wa njano ukatetemeka, ukatikisika kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa usoni pake, meza ikatikisika nao, kalamu zikamwagika sakafuni, mapazia yakavutwa yote upande mmoja ingawa dirisha lilikuwa limefungwa, ile harufu ya sarafu na jasho ikajaa hadi ikawa na ladha mdomoni, na kutoka ndani ya kipanya kilichokuwa mkononi mwa Kimya, kipanya kisicho na waya popote, ikatoka *tik*, kubwa safari hii, kama mfupa unaokaa mahali pake, na mtoto ambaye walimu wake walisahau sauti yake alipiga ukelele uliowatoa watu ofisi zote za jengo lile.

Mshale haukuwepo tena ukutani. Mkono wa Kimya haukufunguka.

Hospitalini walikivunja kipanya kwa koleo, kipande kwa kipande, wakakitoa. Ngumi ikabaki. Daktari wa kweli, mwanamke mwenye uso wa usingizi, alipima, akapiga picha ya mifupa, akadunga sindano ya kulegeza misuli, akakuna kichwa.

"Misuli imelegea kabisa," alisema. "Kwa jinsi ninavyoona, huu mkono umefunguka."

"Umefunguka wapi? Si unauona umefumba!"

"Mama, naona. Ndiyo nakwambia sielewi."

Angalau huyo alikuwa na adabu ya kusema hivyo.

Nyumbani mambo yalizidi. Kimya alipoketi kula, ngumi iliteleza juu ya meza yenyewe, duara baada ya duara, ikiuvuta mkono mzima, ikimvuta mtoto, na kidole cha shahada kilikuwa kimekandamizwa chini muda wote, ukucha ukianza kuwa mweusi. Chiriku aliacha kuzungumza. Alimlisha mwenzake kwa kijiko, akitazama ile ngumi kama mbwa asiyejua kama atapigwa.

Mama yake Mama Pacha, ambaye waliishi naye, alivumilia hadi alipoona ukucha.

"Mwanangu, elimu yako naiheshimu," alisema. "Nilikopa kwa ajili yake. Lakini mkono wa mjukuu wangu haujaenda chuo. Leo hii tunakwenda kwa yule mama mganga."

"Mama, mimi siendi kupigiwa manyanga."

"Hapigi manyanga. Ana magoti mabovu. Vaa."

Mganga huyo aliishi nyuma ya duka la vipuri, katika chumba chenye televisheni iliyozimwa sauti na nguo za kupiga pasi. Hakuwa na shanga wala kitambaa chekundu. Mama Pacha, aliyekuja amejiandaa kudharau, alikosa pa kuanzia. Mganga aliichukua ngumi ya Kimya katika viganja vyake vyote viwili, akafumba macho kama anayesikiliza simu yenye mtandao mbaya.

"Amekasirika," alisema. "Anasema alibisha miaka mingi, kila mahali, hakuna aliyesikia. Halafu mtu akatengeneza mlango unaosikia. Akapokelewa. Akapewa rangi." Akafumbua jicho moja. "Rangi ndiyo nini?"

Mama Pacha alimgeukia mama yake. Hakuwa amemweleza mtu yeyote habari za rangi.

"Njano," alisema kwa sauti ya chini. "Nilimpa njano."

"Basi alifurahi. Halafu ukamfungia mlango usoni. Sasa hatoki kwa kufukuzwa, bibi, usinipotezee muda kwa kuniomba nimfukuze. Anataka mwenyeji. Mtu wa kusema kwa mdomo wake: huyu ni wangu."

"Ni wangu!" Mama Pacha alisema papo hapo, akapiga magoti. "Nimesema. Ni wangu. Amwache mtoto."

Walisubiri wote wanne. Pasi ilitoa moshi kidogo. Ngumi haikufunguka.

"Hakutaki," mganga alisema, na safari hii hakukuwa na ukali. "Ulimpokea kwa kuamrishwa, ukamtoa kwa hasira, na sasa unamwita kwa uchungu. Yeye anataka wa kujivunia. Sijui utampata wapi mtu wa kujivunia jini."

Mama Pacha aliinuka, akakung'uta magoti. Alijua mahali pa kumpata. Alitamani asingejua, na njia nzima ya kurudi alikuwa akijitukana kimoyomoyo kwa kuwa anajua.

Siku ya kuionyesha programu kwa wageni ilikuwa imeshapangwa. Miwani alimpigia simu, akinong'ona kama kawaida yake: Daktari amemlazimisha kuirudisha ile mistari iliyofutwa, maana bila hiyo maandishi ya KIFAA HAKIJULIKANI yamerudi. "Na yule wa njano amerudi," Miwani alisema. "Nimekaa mlangoni. Namwona kutoka hapa."

Mama Pacha alikwenda ofisini akiwa amemshika Kimya kiunoni, kwa sababu ile ngumi ilikuwa haikubali kuachwa peke yake. Alimkuta Daktari chooni, mbele ya kioo, akijifunga tai. Aliingia hivyo hivyo.

"Sikiliza," alisema. "Sina muda wa heshima. Mtazame mwanangu."

Daktari alimtazama mtoto, akatazama ngumi, akarudi kwenye tai. "Pole sana. Tutamchangia."

"Simtafutii mchango. Huo mshale wa njano si wa mtu. Ulikuja kwa sababu uliniamrisha nipokee kila kitu bila kuuliza. Unatafuta mtu wa kuudai. Kwa hiyo ukiulizwa na mgeni yeyote ni wa nani, sema hujui. Maneno mawili tu. Ni kosa la programu na hujui."

"Mimi?" Daktari alicheka, cheko la kweli, la furaha. "Mimi niseme sijui? Mbele ya wageni? Mama Pacha, wewe ni msomi! Majini tena?"

"Nimekwambia."

"Umeniambia. Sasa toka, hiki ni choo cha wanaume."

Ukumbi ulijaa. Mapazia yalifungwa, na jua la mchana likabaki nje kama mgeni ambaye hakualikwa. Watoto wa kuazima kutoka shule ya jirani waliketi mbele, kila mmoja na kipanya chake, na ukuta ukajaa mishale ya rangi. Daktari alisema maneno mengi. Alisema "mimi" na "maono" na "nilipoibuni". Miwani alikaa karibu na mlango wa kutokea. Mama Pacha alisimama nyuma kabisa, amemkumbatia Kimya, na ngumi ya mtoto ilikuwa ikizunguka tumboni pake, duara, duara, na ukutani mshale wa njano ulizunguka vivyo hivyo, duara, duara, kwa kipimo kile kile.

Mgeni mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa mwalimu mkuu, aliinua mkono. Alikuwa amehesabu.

"Samahani, mheshimiwa. Watoto wote nawaona na vipanya vyao. Huo wa njano ni wa nani?"

Ukumbi ulinyamaza, na katika kunyamaza huko Mama Pacha aliona kwamba bado angeweza kupaza sauti, kwamba mdomo wake ulikuwa tayari umefunguka, kwamba kulikuwa na nafasi ya kutosha kabisa ya kusema hapana, bosi, nyamaza, usijibu, na akamtazama mtu yule aliyesimama kwenye mwanga wa projekta na suti yake na tai yake, mtu ambaye hajawahi hata siku moja kukubali kuwa hajui, akautazama ukucha mweusi wa mwanawe, na hasira ikampanda kutoka nyayoni, hasira ya kila mstari alioandika ukasomwa kwa jina la mwingine, hasira ya mama, ambayo haina elimu. Alikuwa ameshamwambia. Alimwambia kwa Kiswahili kilichonyooka. Akafunga mdomo.

"Huo," Daktari alisema, akatabasamu, "ni wangu."

"Wako wewe mwenyewe?" mwalimu mkuu aliuliza. "Mbona hushiki kipanya?"

"Ndiyo ubunifu wenyewe, mama. Hauhitaji kipanya. Ni wangu, nimeutengeneza mwenyewe, na kwa kweli ndio ninaojivunia kuliko yote."

*Tak.*

Mama Pacha aliihisi kabla ya kuisikia: vidole vinafunguka juu ya tumbo lake, kimoja kimoja, baridi, vina jasho, kisha kiganja kizima cha Kimya kikatanda juu ya nguo yake na kuishika kama kawaida, kama mtoto yeyote anavyoshika nguo ya mama yake. Wageni walikuwa wanapiga makofi. Daktari aliinua mkono wa kulia kuwapungia, ukafika usawa wa kifua, ukafumba. Akautazama. Akaendelea kutabasamu, maana alikuwa na mazoezi, akaupeleka nyuma ya mgongo.

Mama Pacha alitoka na hakurudi kazini. Alisikia habari kwa Miwani. Daktari hajampungia mtu mkono tangu siku hiyo, anasaini kwa kushoto, na meza yake imechubuka duara. Alikwenda hospitali, alikwenda kwa mganga mwenye magoti mabovu. Na sasa, Miwani alisema, amekuwa mtu wa ajabu: anagawa sifa. Amemwita msafishaji akamwambia programu nzima ni wazo lake. Amemwandikia Miwani cheti. "Anataka tu niseme mbele yake kwamba mshale ni wangu na ninauonea fahari. Amenipandisha cheo, dada. Nifanyeje?"

"Ukisema, Miwani, nitakuja kukuzika mwenyewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," alinong'ona. "Nilitaka kuwa na uhakika."

Jumamosi moja asubuhi, Mama Pacha alikuwa anafua. Mapacha walikuwa wanacheza karibu na geti. Kelele za Chiriku zilikuwa zimerudi zote na riba juu, kwa hiyo zilipokatika ghafla, mama yao aliinua kichwa.

Daktari alikuwa nje ya geti. Suti ilikuwa ile ile, lakini kola ilikuwa chafu na mashavu yameingia ndani. Mkono wa kulia alikuwa ameuficha chini ya koti, na koti lilikuwa linazunguka, duara, duara. Kwa mkono wa kushoto alipitisha karatasi kati ya vyuma vya geti. Ilikuwa imechorwa nyumba, nzuri kuliko nyumba yoyote aliyowahi kuchora mtoto, kila tofali mahali pake, mistari yote ya njano.

"Mchoro mzuri sana huu," alikuwa anasema, kwa sauti laini ya kubembeleza. "Nauliza mwenyewe nani. Si wewe uliyeuchora, mrembo? Watu wote wanausifu. Sema tu. Ni wako?"

Chiriku alikuwa hajawahi kuona kitu kizuri akakubali kwamba si chake. Macho yalimng'aa. Akavuta pumzi.

Mama Pacha alikuwa mbali, mikono imejaa povu.

Kiganja kidogo kikamziba Chiriku mdomo. Kimya alikuwa ameukandamiza mkono wake wote, vidole vimetanuka, ukucha mmoja bado mweusi, akamvuta mwenzake nyuma hatua kwa hatua bila kumwondolea Daktari macho.

"Si wake," Kimya alisema. "Ni wako."

Daktari alisimama kidogo. Kisha aliirudisha karatasi, akainyoosha juu ya paja lake, akaanza kutembea kuelekea geti la jirani, ambako watoto watatu walikuwa wanarusha mpira.

Mama Pacha aliruka ndoo. Hakuvaa viatu, hakufuta povu, alitoka getini na kumfuata katikati ya barabara akipiga kelele ambazo zilifungua madirisha ya mtaa mzima.

"Msiseme ni yenu!" alikuwa anapiga kelele. "Waiteni watoto ndani! Mtu yeyote akiwauliza ni ya nani, msiseme ni yenu!"